Beseni la Sato na Vijiwe vya Sikioni

Alhamisi, 19 Juni 2025

Tumsifu Yesu Kristo, Malaika wangu Mlinzi. Hali yako? Mabawa hayajambo? Sisi huku Mwanza wazima, isipokuwa mimi. Nakuandikia wewe kwa sababu uliona yote, na wewe husemi.

Alfajiri simu ililia. Nikageukia kulia niizime. Chumba kikazunguka! Dari ikaenda kushoto, kabati likaifuata, picha ya Moyo Mtakatifu ikapita mbele yangu, ikapita tena. Nikashika kilichokuwa karibu. Yalikuwa masharubu ya Severine. Tukapiga yowe wote wawili.

Sasa Severine, mume wangu, ni Mhaya kama mimi, na lile tetemeko la Bukoba la mwaka 2016 halijamtoka rohoni mpaka leo. Akaruka kitandani, akatoka nje na bukta na shuka, anapiga kelele "tetemeko, tetemeko!" Na nje nani anafagia? Teodora. Akamwambia pole shemeji, mnahama?

Teodora ni jirani yangu, mama Shimba, Msukuma wa Magu. Shingo ndefu, mgongo kama mlingoti. Kanisani anafuata nyuma yangu kwenye matoleo, amebeba ungo wa mchele. Hiyo "nyuma yangu" anaihesabu kama msalaba.

Maana kwenye parokia yetu ya ufukweni toleo la kwanza ni la ziwa. Sato watatu wazima, wanaogelea kwenye beseni la maji, na beseni liko kichwani kwa mama mmoja. Hashiki kwa mikono. Anacheza kwa madaha toka mlangoni mpaka altareni, anapiga magoti, anainama, anamkabidhi padre. Tone lisiguse sakafu. Likigusa, mwaka unaofuata unakwenda mwisho wa mstari na mfuko wa karatasi za chooni. Marehemu mama Winnie alimwaga mara moja tu, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anabeba karatasi za chooni.

Beseni ni langu tangu binti yangu Kokugonza, huyu Koku, yuko shule ya msingi, na sasa ana watoto. Tarehe 29 ni sikukuu ya Petro na Paulo, wasimamizi wa parokia yetu. Anakuja Baba Askofu mwenyewe. Na mimi kichwa kimeanza kuzunguka!

Hakuna atakayejua. Ni wewe na mimi tu.

Ijumaa, 20 Juni

Kimerudi. Nikigeukia kulia tu, gurudumu. Nikitulia, kinaisha, nabaki na kichefuchefu.

Nilifikiri sana nikagundua kosa ni la kitanda. Kichwa kilikuwa kinaelekea barabarani. Nikakigeuza kielekee ziwani, kwenye utulivu. Kazi nzito, lakini nilishinda. Halafu mlango haukufunguka, maana kitanda kimeuziba. Severine akatoka kupitia dirishani. Teodora alikuwa anafagia. Huyu mwanamke uwanja wake hauishi?

Baadaye akaja kuomba chumvi. Hakuwa na shida ya chumvi. Akauliza hilo tetemeko la jana lilikuwaje, mbona yeye hakulisikia. Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema lilikuwa kubwa! Nikasema watu wa Magu hawawezi kulisikia, wamezoea ardhi kutikiswa na ng'ombe. Akajibu kuwa ni kweli, na Wahaya nao wamesoma sana, wanasikia hata lile ambalo halijaja.

Jioni mzee Josephat, mjumbe wetu, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana ukuta uliopasuka. Watatu walikuwa nao. Jumuiya imeamua tusali rozari ya shukrani kwa kuokolewa. Kwa kuwa mimi ndiye shahidi, mimi ndiye kiongozi wa sala.

Malaika, nimeongoza matendo yote ya furaha nikimshukuru Mungu kwa tetemeko lililotokea ndani ya kichwa changu peke yake. Unisamehe. Nilisali kwa moyo, hata hivyo.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Maandamano, maua, vumbi. Padre akainua monstransi, kile chombo cha Ekaristi, juu kabisa. Nikainua macho na kichwa pamoja.

Kosa! Barabara nzima ikapinduka. Nikaanguka magoti katikati ya barabara, mikono imetanda, uso chini, nashika changarawe.

Watu wakanitazama. Halafu mama mmoja nyuma akapiga magoti. Halafu kwaya. Halafu wote, mpaka na bodaboda waliokuwa wanasubiri tupite. Padre alipofika kwenye mahubiri ya mwisho, sauti ikitetemeka, alisema leo mama Koku ametufundisha ibada.

Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Kutazama juu nisingeweza.

Teodora alipiga magoti mara mbili ili asizidiwe. Akaninong'oneza kuwa nina vumbi puani.

Jumatatu, 23 Juni

Mazoezi. Odeta, mwalimu wetu wa matoleo, hataki sato wateseke bure, kwa hiyo tunafanyia mazoezi na ndala. Beseni la maji, ndala tatu zinaelea.

Njiani nilikwenda vizuri ajabu. Kichwa kikiwa wima na beseni juu yake, hakizunguki hata kidogo. Nikaona nimeshinda. Nikapiga magoti. Nikainama.

Ndala ya kwanza ilimpata Odeta kifuani. Ya pili sijui. Maji yote yaliishia kwenye zulia.

Odeta akasema ni mazoezi, hayahesabiki, lakini akanitazama. Teodora akaniokotea ngata yangu ya kitenge, akaipangusa taratibu, akasema "Dada, pumzika mwaka mmoja. Beseni si mume, ukiliacha litakusubiri." Wenzetu wakacheka. Nikasema sakafu ina utelezi.

Nimepata wazo. Nitashona ngata kwenye kilemba, kilemba nitakishona kwenye wigi, na chini ya beseni nitapaka gundi ya viatu.

Jumanne, 24 Juni

Gundi ya viatu inashika vizuri sana. Severine ametumia mkasi. Nywele za mbele zitaota, anasema.

Ndipo akasema twende hospitali. Nikamwambia nikionekana nimepanga foleni, habari itafika kwa Teodora kabla sijaitwa jina. Kwa hiyo tumekwenda, ila mgonjwa alikuwa yeye. Mimi msindikizaji. Nilimfundisha njiani: unasikia kizunguzungu ukigeukia kulia. Rahisi.

Daktari Machibya akamwuliza baba una tatizo gani. Severine akasema mimi mzima, daktari, anayeumwa ni huyu, ila hataki ijulikane. Miaka yote hii ya ndoa hajajifunza kusema uongo! Mungu ambariki, lakini nilimfinya.

Daktari alicheka, akanipandisha kitandani. Akanigeuza uso kulia, akanilaza upesi mpaka kichwa kikaning'inia ukingoni. Dunia ikaanza gurudumu. Nikalia nashika shati lake. Yeye anatazama macho yangu tu, kama mtu anayesoma saa. Akasema ndiyo hiyo, macho yanacheza, ugonjwa nimeuona.

Malaika, sikia sasa niliyoambiwa. Labda wewe unayajua, ulikuwepo tukiumbwa. Mimi nilitoka na machozi.

Ndani ya sikio, mbele zaidi ya ngoma yake, kuna mirija mitatu iliyopinda kama pete, na kila mmoja umekaa upande wake. Mmoja unapokea habari ukiitikia ndiyo. Mwingine ukikataa kwa kichwa. Wa tatu ukilaza kichwa begani. Ndani mna maji, na kwenye maji kuna vinyweleo laini. Kichwa kikigeuka, maji yanachelewa, yanavisukuma vinyweleo, vinyweleo vinapeleka habari kwenye ubongo. Na kitu chote hicho kingekaa juu ya ukucha wa kidole gumba!

Daktari alitaka kunifafanulia, akatafuta mfano. Nikamwambia usihangaike, baba. Mimi nabeba beseni. Najua maji yanavyochelewa ukianza kutembea, na yanavyoendelea kwenda ukishasimama. Akafurahi, akasema ndiyo maana watoto wakizunguka kisha wakasimama bado wanaona nyumba inakwenda: wao wamesimama, maji yao bado.

Miaka yote nabeba beseni kichwani, Malaika. Kumbe ndani ya kichwa Mungu ameshaweka mabeseni yake, na hakuna hata tone linalomwagika.

Haikuishia hapo. Pembeni ya mirija kuna chumba kidogo chenye vijiwe vya chokaa, vidogo kuliko vumbi la unga. Vimelala juu ya utando laini. Uzito wao ndio unaotuambia chini ni wapi, hata tukifumba macho. Vyangu vimebanduka, vikaingia kwenye mrija visikotakiwa. Nikigeuka vinaviringika, mrija unapiga kelele "tunazunguka!" na mimi nimelala tuli.

Na ubongo? Ubongo ndiye mwenyekiti wa kikao. Kila mara unasikiliza mashahidi watatu: sikio, macho, na miguu pamoja na viungo. Wakipatana, unasimama wima bila kujua kuwa kuna kikao. Shahidi mmoja akisema uongo, kikao kinavurugika na wewe unatapika. Nikakumbuka rozari ya tetemeko. Nikatazama pembeni.

Akaniambia ninyooshe kidole gumba, nikitazame, nitikise kichwa. Kidole kilitulia kabisa! Kisha nitulize kichwa, nitikise kidole. Kikawa ukungu. Akasema sikio linayaambia macho kichwa kimekwenda wapi, na macho yanarudi upande wa pili papo hapo, kabla hata hujawaza. Severine akajaribu. Tukakaa pale watu wazima wawili tunatikisa vichwa tukitazama vidole, nesi akachungulia akafunga mlango.

Halafu dawa. Hakuna kidonge, hakuna sindano! Alinilaza tena, kichwa kulia kinaning'inia, akasubiri. Akakigeuza kushoto, akasubiri. Akanilaza ubavu wa kushoto, pua inaelekea sakafuni, akasubiri. Akaniinua. Alikuwa anavirudisha vijiwe nyumbani kwao kwa kuviringisha, kama mtu anayetoa gololi kwenye bomba. Akanirudia kunipima. Kimya. Dari imetulia kama dari.

Nilisema Zaburi palepale kwa sauti: nimeumbwa kwa namna ya ajabu. Daktari akasema amina, akanipa masharti. Vijiwe vinaweza kurudi, basi nisijigeuze mwenyewe nyumbani bila kuonyeshwa, nirudi kwake. Niwaambie wenzangu wa matoleo, na ikiwezekana Jumapili nimwachie mwingine. Na kizunguzungu kikinikuta mbele za watu, niwape nguvu mashahidi wazima: nikazie macho kitu kilichotulia, na niguse kitu imara, hata kwa ncha ya kidole tu, ubongo utaamini.

Masharti yote nimeyaelewa. La kumwachia mwingine nililielewa zaidi ya yote, ndiyo maana sitalifanya.

Jumatano, 25 Juni

Mazoezi safi! Nimeinama, nimeinuka, ndala hazikujua kama zimesafiri. Odeta amepiga kigelegele. Teodora amepiga makofi ya vidole viwili.

Mtaani nimesema Severine ndiye anayeumwa, sikio. Teodora amemletea uji wa ulezi. Severine hapendi uji wa ulezi. Ameunywa wote mbele yake, namsimamia. Teodora akamwuliza sikio linamsumbua lipi. Severine akaonyesha la kushoto, kisha la kulia, kisha akaomba uji zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Nilikuwa natengeneza sato wa chakula cha mchana nikakumbuka daktari alivyosema nikitoka mlangoni, kuwa hata samaki ana mawe sikioni. Nikapasua kichwa taratibu, nyuma ya macho, chini ya ubongo. Malaika! Limo! Jiwe jeupe, lina kingo kama zimekatwa na sonara. Na upande wa pili, pacha wake.

Nikaketi kwenye kigoda na kisu mkononi. Huyu mnyama anaishi gizani ndani ya maji, mawimbi yanampiga huku na huku, na hajawahi kukosea juu ni wapi. Nani anamwona? Nani anamsifu? Mungu amemtia vito kichwani, na sisi tunatupa kichwa kwa paka.

Severine akaja kuuliza chakula. Nikamwonyesha. Akavua kofia. Tulikula tumechelewa, na kwa heshima.

Mawe nimeyatia kwenye kikopo cha rozari. Ila sasa nina wasiwasi. Kama sato wa kikaango ana jiwe la kuonekana kwa macho, kichwa changu chote hiki kina mawe ya ukubwa gani? Je, daktari ameyarudisha yote?

Jumamosi, 28 Juni

Kesho ndiyo siku. Sina kizunguzungu hata kidogo. Ndiyo maana nimeamua kujitibu tena.

Usikunje uso. Dawa njema hairudiwi? Sala moja ya Salamu Maria inatosha, lakini tunasema hamsini. Nikalala kitandani mchana, kichwa kinaning'inia. Severine aliona yote kwa daktari, basi akasimama mbele yangu kunionyesha kwa kichwa chake, na mimi namfuata.

Tulipomaliza ndipo nikakumbuka. Yeye alikuwa ananitazama. Kulia kwake kushoto kwangu. Tulifanya yote kinyume!

Nikainuka. Kabati likapita. Moyo Mtakatifu ukapita.

Labda ni sababu ya kujigeuza. Labda vingerudi vyenyewe, daktari alionya. Vyovyote, vimerudi, na hospitali siendi, maana Teodora yuko uwanjani anafagia na ameshaniona natapika kwenye maua. Nikamwambia ni uji wake. Akasema uji aliunywa shemeji.

Mtakatifu Petro, wewe ulitembea juu ya maji ukazama. Unanielewa.

Jumapili, 29 Juni

Nimerudi sasa hivi. Nakueleza kwa utaratibu ingawa ulikuwepo.

Kanisa limejaa mpaka nje. Watoto wa kipaimara na nguo nyeupe. Baba Askofu kwenye kiti, mrefu, kofia yake inang'aa. Sato watatu wakubwa, wamevuliwa asubuhi, wakali. Odeta ananiwekea beseni, ananiambia "Mama Koku, usituaibishe."

Ngoma ikaanza. Nikaenda. Kichwa wima, macho nimeyakazia kwenye mshumaa wa Pasaka, shahidi wangu wa pili. Nyayo nazikanyaga chini, shahidi wa tatu. Hatua kwa hatua! Wamama wanapiga vigelegele. Nasikia sato wanapiga mikia juu ya utosi wangu, nao wanatafuta chini ni wapi. Tulikuwa viumbe wanne, Malaika, kila mmoja na mawe yake, tunamwendea Mungu.

Nikafika. Nikapiga magoti mbele ya Askofu. Ilibaki kuinama tu.

Nikashusha kichwa kidogo kujaribu. Mshumaa ukaondoka. Askofu wakawa wawili, wakaanza kuzungukana. Nikakwama pale. Siwezi kuinama, siwezi kuinuka. Ngoma inapiga, inarudia, inarudia tena. Nikaziona karatasi za chooni. Nikamwona marehemu mama Winnie ananikaribisha.

Kitu imara! Daktari alisema kitu imara! Nikanyoosha mkono pembeni, ncha ya kidole, nikagusa kitenge. Teodora. Alikuwa ametua ungo wake, amepiga magoti ubavuni kwangu, na hakuna aliyemwita.

Nikanong'ona, nishike.

Akanong'ona, tetemeko?

Nikasema tetemeko.

Akasema "Nilijua. Kuku wangu hawakushtuka siku ile." Akaniwekea bega chini ya kiganja. Bega kama ule mwamba wa Bismarck pale ziwani. Ubongo wangu ukaamini palepale, niliusikia ukiamini. Mkono wake mwingine ukapanda kwenye beseni, wangu pia, tukalishusha pamoja kama watu tuliofanya mazoezi mwaka mzima.

Lilikuwa limeshafika usawa wa magoti ya Baba Askofu sato mkubwa aliporuka. Alipiga mkia mara moja tu. Maji yalimpata Askofu usoni, kifuani, mpaka kwenye miwani.

Ngoma imekufa. Odeta ameziba macho kwa mtandio.

Baba Askofu akavua miwani, akaifuta. Akasema leo amekuja kuwapaka watoto mafuta, kumbe ziwa nalo limeona limpake yeye. Akacheka mpaka kofia ikainama. Kanisa lote likalipuka. Akatushika vichwa sote wawili, akasema uzuri ulioje, akina mama wawili wakibebeana mzigo, na huu uchezaji mpya nani kautunga?

Mimi na Teodora tulijibu kwa pamoja, "Ni mimi!"

Baada ya misa Odeta alikaa na wazee kujadili tone. Waliinama wakaikagua sakafu. Kavu. Maji yote yaliishia kwa Askofu, na sheria haisemi lolote kuhusu Askofu. Padre akatangaza: kuanzia mwaka ujao beseni litakabidhiwa na wawili, mama Koku na mama Shimba.

Nilimpeleka Teodora nyumbani nikamwambia kila kitu: mirija, maji, vijiwe, mashahidi watatu. Nikampa jiwe moja la sato. Aliligeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu bila kusema utani wowote. Mwisho akasema mama yake, kule Magu, alianguka sana uzeeni, wakasema amelogwa. Labda kilikuwa kijiwe tu. Tukalia kidogo. Ni mwanamke mzuri, Malaika. Lile bega sitalisahau.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda kwa daktari, amevirudisha tena. Akauliza kama nilijigeuza mwenyewe. Nikasema hapana, niligeuzwa na Severine. Akaandika kitu.

Mzee Josephat amekuja na mgeni kutoka ofisi ya kata, anaandikisha walioathirika na tetemeko. Walitaka shahidi. Ilikuwa nafasi ya kumaliza jambo. Lakini mgeni alikuwa na kalamu, na mzee Josephat amenisifia sana, na Teodora alikuwa anafagia anasikiliza. Nikasema yalikuwa mawili. Teodora akasema yeye la pili alilisikia, hata bega bado linamuuma.

Sasa jambo lililobaki. Picha za jana zimefika kwenye simu. Teodora amekaa kulia, upande wa mpiga picha, anaonekana mzima mzima. Mimi ni kiwiko na nusu ya kilemba. Beseni la miaka yote hii, halafu kiwiko!

Nimewaza hivi. Sikio langu bovu ni la kulia. Nikimwambia Odeta kwamba daktari ameagiza mwenye sikio bovu la kulia akae kulia, nani atabisha? Daktari hakusema, lakini hakukataza. Na Severine nitamfundisha njiani jinsi ya kulithibitisha. Teodora akigoma, nitamlaza nimpime, huenda naye ana vijiwe, nitamgeuza mwenyewe; njia naijua sasa.

Kikao cha matoleo ni Jumamosi. Nakuomba unijibu mapema, Malaika wangu, kabla ya siku hiyo.